Boneti ya Gari la Hassani

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya sabini na mbili ya eda. Swala, uji, kisomo, dirisha. Upepo wa Msalato unapigapiga turubai la gari tangu asubuhi. Zamani ningetoka kulifunga. Nimemwambia wifi Salama, kasema atakwenda. Hakwenda. Ni dada wa marehemu mume wangu, Hassani. Amekuja kunisaidia kukaa eda. Amekuja kunichunga, huo ndio ukweli.

Rajabu amefika kutoka Kondoa. Mdogo wake Hassani. Nyumba nimeachiwa mimi, gari wazee wa ukoo wamempa yeye. Ataondoka nalo Alhamisi. Nilimwita dirishani nimweleze kwamba Hassani aliirudisha boneti juu juu tu, akaugua kabla hajaikaza. Hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Shemeji, mwenye eda haongei na wanaume. Kaa ndani."

Kisha akamgeukia Salama, ila mimi nisikie, kwamba mwanamke asiyezaa anajitia kujua magari.

Haya. Sitaongea.

Jumapili, 10 Agosti

Ameleta fundi. Gari la spoti hajawahi kulishika, nilijua kwa jinsi alivyolizunguka akicheka. Viti viwili, pua ndefu, boneti kama mlango wa ghala. Boneti ile haikai mpaka ishikwe na watu wawili. Unalegeza nati za bawaba, huyu anavuta kidogo, yule anasukuma kidogo, mnashusha, mnatazama ufa, mnainua tena. Asubuhi nzima. Miaka kumi na tisa upande wa kushoto ulikuwa wangu.

Fundi kafanya peke yake. Upande wa kulia umebaki juu kiasi cha kidole, akaupiga kwa kiganja. Rajabu naye akaupiga. Nilitamani kuwafungulia mbwa wa jirani.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimeona kitu.

Chini ya boneti kuna pini. Ndiyo inayoingia kwenye komeo na kuishika. Fundi ameizungusha kwa bisibisi mpaka boneti ikalala sawa. Hapo sina neno. Lakini juu ya pini kuna nati ya kuizuia isijizungushe, na hiyo kaikaza kwa vidole. Spana haikutoka kwenye mfuko. Halafu ile kulabu ya akiba, inayodaka boneti pini ikichomoka, ilikuwa inagonga. Kaifungua, kaiweka juu ya ukuta. Rajabu kafurahi, haigongi tena.

Kwa barabara ya Kondoa, pini itajilegeza yenyewe kabla ya Haneti. Upepo utaingia chini na boneti itafunuka mpaka kwenye kioo. Ilimpata Hassani mara moja, karibu na Mayamaya, kabla hatujaweka kulabu. Alikuwa mwendo mdogo, akashonwa nyuzi saba kwenye paji la uso. Rajabu haendi mwendo mdogo.

Jumanne, 12 Agosti

Sijasema.

Kwani si alinikataza? Natii. Salama kanisifu, eti nimetulia. Rajabu kashinda uani akipiga picha na gari, mguu juu ya bampa. Namchukia. Namchukia tangu msibani, alipoomba funguo kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nilipika wali wake wa mchana, nikatia nazi ya kutosha. 

Jumatano, 13 Agosti

Sikula. Kulabu bado iko ukutani.

Ningeweza kumtuma Salama amwambie. Nilimwita, akaja, nikamwomba maji.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa mbili asubuhi Rajabu akatoka na kanzu mpya na begi. Akapiga stata. Gari likawaka mara moja, Hassani alilitunza. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na msahafu, nasoma mstari ule ule.

Zimebaki siku hamsini na tatu za kukaa ndani. Nilijiona nikizikaa, na maiti wawili badala ya mmoja.

Nilitoka. Na nguo zangu za eda, mbele ya Rajabu, fundi na mwenye duka wa ng'ambo ya barabara. Salama alipiga yowe. Nikapita. Nikachukua kulabu ukutani, nikaingiza mkono dirishani mwa gari, nikazima, nikachomoa funguo. Rajabu akaanza, shemeji hivi, shemeji vile, wazee watasikia. Nikafungua boneti, nikaishika ile nati kwa vidole viwili, nikaizungusha mpaka ikatoka yote. Nikamwekea kiganjani.

Fundi ndiye aliyeelewa kwanza. Akatazama chini.

"Shika hapo," nikamwambia Rajabu.

Akashika. Upande wa Hassani. Nusu saa tulifanya kazi, pua kwa pua, sikumtazama usoni. Niliirudisha kulabu mahali pake, nikasogeza bawaba mpaka ikaacha kugonga. Nati nikaichukua kwa Rajabu, nikaikaza juu ya pini kwa spana ya fundi, nikamrudishia fundi spana. Boneti ikashuka kwa mlio mmoja, mzito, ninaoujua.

Nilirudi ndani. Gari lilipoondoka sikwenda dirishani.

Salama anasema eda imeharibika, nianze upya. Nimemwambia akamuulize sheikh.

Jumamosi, 16 Agosti

Sheikh kacheka, kasema niendelee nilipofikia.

Rajabu alimpigia Salama juzi jioni, kafika Kondoa salama. Hakunitaja. Salama aliponipa habari nilisema alhamdulillahi kwa sauti, akanikumbatia, kadhani tumepatana. Hatujapatana. Siku tatu nilimtakia kifo na nilimpikia chakula, na hilo halijui mtu ila daftari hili. Bado namchukia, naye bado yupo wa kuchukiwa.

Leo nimekula vizuri. Mchana nikalala mpaka alasiri.