Njia ya Maporomoko Inapita Langoni kwa Mama Yako

Kariobangi,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako Mama Nekesa, mke wa ujana wangu,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za binti yetu Nekesa, za mjukuu wetu Wairimu anayelibeba jina lako, na za majirani wa ghorofa ya nne, ambao hawajachoka kuniletea mboga zilizofunikwa kwa sahani. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba baada ya salamu mtu humuuliza mwenziwe hali yake. Nimekaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu nisijue nikuulize nini. Niwie radhi. Nitaeleza hali yangu peke yake.

Naomba radhi pia kwa kuchelewa. Katika ndoa ya miaka arobaini na mmoja ulinituma mara chache, na mara ya mwisho ulinituma ukiwa umelala upande wa dirisha, sauti imekwisha kuwa ndogo. Ulisema, "Baba Nekesa, nenda ukayaone yale maji, kisha unieleze umeona nini." Nikasema nitakwenda. Imepita miezi kumi na minne. Nimewaambia watu kwamba ni goti. Wewe hutaamini habari ya goti, basi sitaiandika.

Unajua kilichonizuia. Njia ya kwenda kwenye maporomoko inapita langoni kwa mama yako.

Kwetu, kama nilivyokueleza tukiwa wachumba, mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe. Hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni. Akikutana naye njiani, hukwepa. Ndivyo baba yangu alivyoishi, naye alikuwa mtu mwema. Watu wa kwenu walikuwa wameyaacha hayo zamani, nami nililijua hilo. Lakini niliona kwamba mtu hapunguzi heshima kwa sababu wengine wameipunguza. Kwa hiyo kila Desemba ulikwenda kwenu na watoto, nami nikabaki hapa kulinda nyumba ambayo hakuna aliyetaka kuiiba.

Nakumbuka ulivyonidhihaki. Siku za mgao wa maji, mfereji ulipoanza kukoroma alfajiri, ungeamka na mitungi yako na kusema, "Sikiza, Baba Nekesa. Hayo si maji, hicho ni kikohozi. Siku moja nitakuonyesha maji." Nami ningejibu kutoka kitandani, "Mwaka ujao, Mungu akipenda." Ukanijibu wakati mmoja, huku umebeba mtungi wa lita ishirini ukitweta mlangoni, "Mungu alishapenda. Bado wewe." Nilicheka. Ningalijua, nisingalicheka. Ningaliupokea ule mtungi kwanza.

Basi Jumamosi iliyopita nilikwenda. Wairimu alinisindikiza, ameshakuwa mwanamke mzima mwenye kazi yake, lakini ulimi wake ni uleule. Aliponiona nimetoka chumbani na koti, tai na viatu vya kanisani, alisimama akashika kiuno, akaniita babu kwa lugha ya kwenu. "Guka, si tunaenda kutembea msituni? Mbona umevaa ni kama unaenda kubariki harusi ya mtu?" Nikamweleza kwamba nitapita karibu na boma la mama mkwe. "Na hiyo mwavuli? Jua limewaka hivi?" Niliona haya.

Nikiri kwako jambo hili jinsi lilivyokuwa. Tulipolikaribia lile lango la mbao, nilimwona kwa mbali. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, ungo magotini, akitoa minji kwenye maganda. Nikaufungua mwavuli, nikauinamisha upande wake kama ngao, nikapita. Mzee wa miaka sabini na mitatu. Hakukuwa na wingu hata moja. Niliona sketi yake na miguu yake chini ya ukingo wa mwavuli, na nikaona vidole vyake vikiacha kufanya kazi. Wairimu alibaki nyuma kumsalimu, na aliponifikia hakutania tena.

Tuliteremka korongoni. Ulikuwa umeniambia kwamba msitu ule una baridi ya nyumba ya udongo, na ni kweli. Njia ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba uliovaa kuvumwani, upande mwingine ni bonde ambalo sikulitazama. Pana mizizi inayovuka njia kama ngazi, na kila nilipoikanyaga nilikuona wewe, msichana mdogo, ukiipanda na kuni mgongoni. Majani ya thabai yaliniwasha mikono. Ulinionya kuhusu thabai, nikasahau. Penye mianzi niliteleza. Nilianguka juu ya mwavuli, njiti zake zikavunjika zote, na Wairimu alininyanyua huku akisema, "Pole, Guka. Pole sana," kama unavyosema wewe, neno la pili likiwa refu kuliko la kwanza. Nilijifanya nimepata vumbi machoni. Msitu ule hauna vumbi.

Kisha tukasikia. Nilidhani ni upepo. Wairimu akasema, "Ndiyo hayo."

Umenituma nikueleze nilichokiona. Mama Nekesa, sikujua. Kwa miaka yote nilidhani unazungumzia kijito kinachoruka jiwe. Yanashuka kutoka juu kuliko ghorofa zote za mtaa huu zikipangwa moja juu ya nyingine, meupe, na hayakomi. Hakuna anayeyafungua wala kuyafunga. Nililiona lile jiwe bapa ambalo wewe na mama yako mlikuwa mkifulia mablanketi juu yake kabla ya Krismasi. Nililikalia na koti langu likaloa. Nilikuwa nimetunga maneno ya kukuambia, nimeyakariri njiani. Nilipofungua kinywa sikuisikia hata sauti yangu mwenyewe. Nikaita jina lako tu. Nililiita mara nyingi.

Wewe uliyezaliwa karibu na maji yale, nilikuleta Kariobangi ukapandisha mitungi ngazi nne. Hukuwahi kulisema hivyo. Nimelisema mimi sasa.

Tulipopanda kurudi, goti lilikuwa limekataa kabisa. Usinicheke, safari hii ni kweli. Mwavuli niliutumia kama mkongojo. Lango lilipoonekana sikuwa na cha kujifichia. Nilijigeuza nikatazama ua wa michongoma, uso kwa miiba, nikawa napita kiubavu. Ndipo mama yako akasema, kwa Kiswahili cha polepole, "Asubuhi nilisikia mwavuli ukifunguka. Sasa mbona sijausikia?"

Wairimu akaninong'oneza, "Guka, Cucu haoni tena. Kwani hukujua?"

Uliniambia. Nakumbuka jioni yenyewe: ulirudi kutoka kwenu ukasema, "Macho ya mama yamekwisha." Nikasema pole, ni uzee, nikageuza ukurasa wa gazeti.

Nilikuwa nimemfunikia mwavuli mtu asiyeona.

Akaendelea, vidole vikiwa kwenye ungo: "Siku ya arusi nilikuona mgongo. Baada ya hapo sikukuona. Nilimuuliza Wairimu wangu, mumeo ananichukia kwa nini? Akasema, mama, hakuchukii, anakuheshimu. Kila Desemba namuuliza, kila Desemba ananijibu hivyo. Nikapika chakula chako kila mwaka, akakila yeye, asinione nikikimwaga." Akapasua ganda moja. "Hata kumzika sikufika. Miguu ilikataa. Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Njoo, mwanangu, nikuone. Macho yangu sasa ni haya." Akanyoosha mikono yote miwili.

Mke wangu, sikuweza. Mikono yangu ilijirudisha nyuma ya mgongo yenyewe. Nilisimama mbele ya mama yako kama mtuhumiwa. Alingoja, kisha akaishusha mikono polepole, akampa Wairimu kikombe cha uji anipe mimi. Niliunywa nimegeuka pembeni. Ulikuwa mtamu, na sikuweza kuumaliza.

Hukuniambia kwamba anauliza. Wala hukumwambia kwamba mimi, kila uliporudi, niliuliza kwanza, "Mama hajambo?" kabla ya kuuliza lolote. Ulisimama katikati yetu ukiwa lango la watu wawili waliopendana bila kujuana, na sote wawili tulikuchosha. Nisamehe. Nilidhani ninamheshimu yeye. Niliyekuwa nikimkosea heshima ni wewe.

Tulipoaga nilimwambia, bado nikitazama ua, kwamba nilikuahidi taarifa na sijui namna ya kuileta. Akacheka, kicheko chako kabisa, nikashika mwimo wa lango. Akasema, "Andika. Mimi ndiye nitakayetangulia kwake. Nitawaambia watoto waiweke kifuani pangu."

Kwa hiyo hapa nyumbani ni hivi: mashine yako ya kufuma sweta nimeifunika kwa shuka safi, mitungi imejaa, na mwavuli nimeutupa. Jumamosi ijayo nitarudi kule. Wairimu amesema atanisindikiza hadi kituoni tu. "Hapo mbele, Guka, ni wewe na Cucu," amesema.

Nakuaga hapa, mpenzi wangu. Lala salama kule kwetu Bungoma, mbali na maji yako. Nakuahidi sitampa mtu wa tatu karatasi hii, wala kuiweka juu ya kigoda aiokote mwenyewe. Nitapiga magoti mbele yake, nitaiweka ndani ya mikono yake miwili, na mikono yangu nitaiacha palepale, aone.

Mbebaji wa barua hii ni mama yako.

Mimi mumeo,
Baba Nekesa.