Udongo wa Chini ya Mawe

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia. Mimi mzima, ila mikono imejaa masizi ya kiwandani hadi sabuni imekata tamaa.

Mafundi wamesema wameshalifunika paa lako kwa mpira wa kiwanda changu. Mpira ule si wa mchezo. Kila kilo mia nimezitilia kilo tisini za udongo mweupe wa shimo letu, uliosagwa ukawa laini kama poda. Bila udongo, jua lingeula mpira mapema. Ukiwa nao, utatuzika sote. Na gharama inashuka kwa theluthi. Shule sikupelekwa, lakini hesabu hainipigi chenga.

Yale mawe uliyoyapanga pale shimoni kaka alipofukiwa, niliwakataza wachimbaji wasiyavuke. Hawakuyavuka.

Hospitali inataka majora mia mbili ya mpira huu. Nikiipata kazi hiyo nimetoka. Niambie kama paa halivuji. Neno la shukrani halichubui mdomo.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha kuwa nami nipo.

Mvua imenyesha, tone halikuingia. Asante.

Nilipopanda darini, juu ya paa, kuanika nguo nilikuta mpira umevimba, sawasawa na kitanda changu kilipo. Uvimbe mrefu, umelala kiubavu, magoti tumboni. Jua lilizama, wenyewe bado una joto. Unakumbuka kaka yako alivyokuwa analala?

Mama yako

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na goti.

Huo ni unyevu. Udongo usipokauka vizuri, maji yake hugeuka mvuke, mpira ukavimba. Chukua sindano ya kushonea magunia, toboa, kamua, bandika kiraka ninachokutumia.

Nilianza kiwanda kwa kuuza baiskeli yangu. Nimekuezekea nyumba. Bado unayemwona juu yake ni kaka.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti limepona, napanda ngazi kila siku.

Kiraka nimekitia chini ya mlango, kinazuia upepo. Nani anamchoma mwanawe sindano?

Nimekwenda shimoni. Mawe yapo vilevile, lakini nilipoligonga moja kwa fimbo liliitika kama mtungi. Wachimbaji wako hawakuyavuka, baba. Wamepita chini yake.

Huku darini nimempapasa kaka yako kote. Kiganja kimoja hakipo, na kisigino cha kulia. Umemuuzia nani tena?

Mama yako

21 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nafurahi umepona. Mimi usingizi umenihama.

Fundi cherehani mmoja, mteja wangu, alilalamika paa lake lina uvimbe kama kiganja. Nikamwambia unyevu. Kisha akaja mwenye duka la dawa. Wake ni kama kisigino.

Nimekata jora lililobaki: kavu. Nimepima udongo: mkavu. Nimepiga hesabu hadi nimechoka, uvimbe huu hauna pa kukaa.

Hospitali nimewakatalia. Kiwanda kitafungwa, sijui hadi lini. Wale wawili nimewang'olea mipira na kuwawekea mingine ya unga wa chokaa, kwa gharama yangu. Walidhani nimerukwa na akili. Ya zamani ipo kwenye lori, nairudisha shimoni tuifukie. Limebaki paa lako. Nikubalie niung'oe mpira wake.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Niko salama, nyumba ndiyo imepoa.

Leo mpira umelala bapa, hakuna kitu. Kwenye vumbi la ngazi kuna nyayo za kushuka. Ule wa kulia hauna kisigino. Zimeshika njia ya kuja kwako.

Anafuata vyake. Usilifunge lori. Na usimwambie habari za unyevu; mwamkie, ni mkubwa wako.

Asante kwa paa. Safari hii naisema kwako peke yako.

Mama yako

17 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Barua yangu haijajibiwa. Dereva wako anasema lori alilikuta wazi, tupu, ufunguo umo ndani, na kiwandani hupo.

Leo nimepanda. Amerudi, ana kiganja na ana kisigino. Kando yake mpira umevimba mara ya pili. Huu ni mfupi, umejibana kwapani kwake, kama ulivyokuwa ukilala wewe utotoni.

Una joto. Nimeupapasa, sijautaja jina.

Niandikie, hata mstari mmoja. Niambie ni unyevu.

Mama yako