Sauti Waliyoifuta

Dada mpendwa,

Huku hatujambo. Mama anakula vizuri, na paa la jikoni limezibwa. Baba tulimzika Jumanne. Wazee aliopigana pamoja nao vitani walibeba jeneza, na wanafunzi wake walijaa hadi barabarani.

Jioni, redio aliyofundishia watu kusoma tangu avue gwanda la jeshi ilirusha kipindi cha kumkumbuka. Tukaizunguka kusikiliza. Wakasema tutasikia sauti yake, ikatoka ya mtu mwingine! Mama akauliza, "Huyo nani tena? Mume wangu hajawahi kuongea kama ana pamba puani."

Kesho yake nilimwendea mkuu wa vipindi. Akapandisha mabega. "Kaka, kanda zake tulizifuta tukarekodi mpira. Tukaweka sauti ya mwenzake. Nani atajua?"

"Mjane wake amejua," nikamwambia. "Na kila aliyefundishwa naye kusoma."

Amekataa kusahihisha hewani. Gazetini nimeandika habari za wezi na wauaji, lakini ufedhuli huu sijauona: mtu kunyang'anywa sauti kwenye msiba wake mwenyewe!

Ile kanda ambayo Baba alikurekodia masomo ulipolazwa hospitalini, usiitie posta. Njoo nayo mkononi, maana ndiyo sauti yake pekee iliyobaki. Nitaipiga kwa kipaza sauti mlangoni mwa redio asubuhi, wakiingia kazini.

Mdogo wako, asiyelala kwa hasira