Nani Anachafua Vazi Lako la Chuma?

Yamumbi,
Eldoret.
6 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Waweru,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya nyumbani. Hali yako? Kile kikohozi kilikuacha, ama joto la Sharjah limekiongeza? Sisi tuko wazima. Goti la Mama limepoa, siku hizi anaenda kanisani na kurudi bila kushikwa mkono.

Barua hii anakuletea Ikra, dadake yule Sadiq unayeishi naye huko. Ningekupigia simu, lakini kwa simu wewe hucheka, na mimi hucheka, na maneno yanaishia hapo.

Ulipoondoka uliniachia mashine yako ya michezo na yule mpiganaji wako wa upanga, ukasema nimtunze kwa sababu huko huna mashine wala nafasi ya kucheza. Nimemtunza. Kila akitoka vitani namwosha kwenye birika la kuogea mle mle mchezoni, kisha nampeleka kwa mhunzi anyooshewe vazi lake la chuma. Ni wewe ulinifundisha kwamba akiingia mjini na matope hata walinzi wa lango humdharau, na kwamba chuma kisichorekebishwa hupasuka vita vikikolea.

Wiki tatu zilizopita nilimwacha Jumamosi aking'aa. Jumapili nilipotoka kanisani na Mama nikawasha mashine, nikamkuta na matope mpaka kwenye kofia, kifua kimebonyea.

Neno la siri la kuingilia mchezo tulilijua watu watatu: wewe, mimi na shemeji yako Mabonga. Siku hiyo Mabonga alikuwa ameniambia anaenda Soy kuvuna mahindi na kaka yake. Nikajiambia hakwenda popote, alishinda hapa akicheza. Na kama ananidanganya kwa kitu kidogo hivi, kikubwa anachoficha ni kipi? Nilinusa shati lake. Alipoingia kuoga nilipekua simu yake. Jioni nikamwuliza mbele ya Mama, na hapo nilikosea. Hakupaza sauti. Aliangalia gamubuti zake pale mlangoni, akasema, "Kama huniamini mimi, nenda Soy ukaulize mahindi." Baada ya hapo hakusema na mimi siku nne.

Unafikiri niliacha kumshuku? Sikuacha. Jumatatu iliyofuata nilimwosha yule mpiganaji alfajiri, nikachomoa waya wa mashine, nikautia mkobani na kwenda nao dukani. Siku nzima nikishona sare za watoto, waya uko miguuni pangu. Jioni nikauchomeka. Matope. Upanga una pengo, na glavu moja ya chuma imepotea.

Basi hakuwa mtu wa nyumba hii. Nilikaa kwenye kiti nikaona aibu, lakini aibu haikunizuia kuendelea kupeleleza.

Jumatano sikufungua duka mapema. Saa nne asubuhi, wakati ambao wewe hutuambia uko kwenye ghala ukipanga maboksi, nikawasha. Mashine ikakataa. Iliandika kwamba akaunti hiyo inatumika mahali pengine. Ndipo nikakupigia. Unakumbuka? Ulisema, "Niko job, siste. Nitakupigia baadaye." Na nyuma yako, Waweru, nilisikia panga zikigongana.

Nilimtafuta Sadiq. Kwanza alizungukazunguka, mara mtandao mbaya, mara hajui ratiba yako. Nikamwambia nitamwomba mamake amwulize kwa niaba yangu. Hapo akasema. Ghala lilifungwa tangu Agosti. Unacheza kwa kompyuta yake akiwa kazini. Asubuhi hujifanya unatoka kutafuta kazi, naye hujifanya anaamini. Bado sina hakika kama ameniambia yote.

Kazi kuisha si dhambi, ndugu yangu. Kinachoniogopesha ni kingine. Siku za kwanza nilikuta mtu amechafuka na kubonyea kidogo tu, na kabla ya hapo labda ulikuwa ukimwosha nisijue. Sasa humwoshi kabisa, hata kwa mhunzi humpeleki. Juzi nilimkuta amevaa bamba la kifua lililopasuka katikati, bila glavu, bila kofia, amesimama kwenye mvua ya ule mchezo akisubiri kupigwa. Wewe, uliyekuwa unanikataza kumpitisha langoni na doa moja! Nilimwangalia mpaka chai yangu ikapoa. Sikumwosha. Niliona nikimwosha nitakuwa nimekusaidia kuficha.

Mabonga nimemwomba msamaha. Alisema tu, "Mwambie chumba cha nyuma hakina mtu." Hayo ni maneno yake yote, na unamjua, hasemi jambo asilolimaanisha. Mama hajui lolote. Sitamwambia, ila akiniuliza moja kwa moja sitamdanganya, na ameanza kuniangalia kwa jicho lile lake.

Ikra atakaa huko wiki mbili. Mpe jibu uliloandika kwa mkono wako. Usiniandikie kwamba uko salama, hilo umeliandika miezi mitatu. Niandikie jana ulikula nini, na ulilala saa ngapi.

Mama anakusalimu, Mabonga anakusalimu, na Rosebella wa jirani bado anauliza utarudi lini. Msalimie Sadiq, umwambie simchukii. Mungu akulinde pale ambapo macho yangu hayafiki, na akupe moyo wa kusema ukweli.

Mimi dada yako nikupendaye, hata ukinidanganya,
Warigia