Kidole cha Mama wa Usafi

2 Machi

Mama, shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu. Sisi wazima, ila mjukuu wako anaota meno; usiku ni yeye kulia, mimi kubembeleza.

Hapa ofisini nimekuwa fundi bila kusomea. Tangu wajue niliwahi kusajili laini za simu kwa alama za vidole, printa ikigoma ni mimi, waya ukichomoka ni mimi. "Mwiteni Fundi!" Sasa bosi kaleta mashine ya mahudhurio. Unabonyeza kidole, inakutambua. Isiyemtambua hakuja, na asiyekuja halipwi.

Nimewasajili wote isipokuwa mama wa usafi, yule anayenifungulia stoo mchana nikamue maziwa ya mtoto. Alama za vidole vyake zimelika kwa sabuni, kama zako. Mashine inasema hayupo, naye kasimama mbele yake! Bosi anasema, "Wewe si mtaalamu? Ukishindwa wewe, basi huyu aende zake."

Nifanyeje, Mama?

Mwanao

11 Machi

Marahaba, mwanangu. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Mtoto msugue fizi taratibu, kwa kidole kisafi.

Laini yangu uliisajili kwa kidole chako, changu kilipokataliwa. Najua unakifikiria tena. Ile ilikuwa simu ya mama yako. Huu ni ugali wa mtu. Njia ya mwongo ni fupi. Mwambie bosi mapema, ukweli ukichelewa huuma zaidi.

Mama yako

20 Machi

Mama, shikamoo. Barua yako imenikuta nimeshakosea. Nilimsajili kwa kidole changu cha mwisho. Kila asubuhi nabonyeza mara mbili: mimi, kisha yeye. Akanicheka, "Kumbe mimi mzima mzima ni kidole chako cha mwisho!"

Jana mtoto alichemka homa, sikwenda kazini. Mama wa usafi alikwenda, akadeki mpaka ngazi, na mashine ikaandika hayupo. Leo bosi kamwita aeleze alikuwa wapi. Hakunitaja, Mama. Kakubali aitwe mtoro.

Kesho naingia mimi kwa bosi. Niombee.

Mwanao

4 Aprili

Mama, shikamoo. Homa ilishuka, na jino limechomoza. Sasa ananing'ata huku anacheka.

Nilimweleza bosi yote. Akauliza, "Sasa bila mashine nitajuaje kama amekuja?"

Nikamjibu, "Tazama sakafu, bosi."

Akaitazama.

Mama wa usafi amebaki. Anaweka sahihi kwa kalamu. Mimi bosi kaniachisha kazi; namalizia mwezi huu, basi. Sijutii kusema, najutia kuchelewa. Nitatafuta kwingine, na huko sitamwambia mtu kwamba niliwahi kushika mashine.

Jana printa ilikwama. Wakaizunguka, wakaipiga makofi. Hakuna aliyeita Fundi.

Mchana mama wa usafi alinifungulia stoo kama siku zote. Alivuta ndoo yake, akaigeuza, akaikalia mlangoni, mgongo kwangu, ili asipite mtu mpaka nimalize.

Mwanao