Jezi Isiyo na Tope

Jumamosi, Novemba 2003. Lewisham, London.

Jezi ya Declan imerudi safi tena. Mimi ndiye ninayefulia timu ya raga, na za wenzake leo zilikuwa tope tupu. Tangu aumie bega, kocha anamweka benchi tu. Na huyu ndiye aliyekuja kutoka Ireland akiwa kijana mbichi, nikawa namlaani kila Jumamosi kwa kunichafulia mashine!

Jioni akaja chumba cha kufulia. "Mama Achieng, nipe hiyo jezi. Wamekataa kuniongezea mkataba. Nampelekea mama nyumbani."

"Humpelekei mama yako nguo kabla sijaifua."

"Lakini haina uchafu."

Nikaitia kwenye mashine peke yake. Tukasimama tukiitazama inavyozunguka.

Maji yalitoka safi vile vile kama yalivyoingia.