Matofali ya Msomi

Singida Mjini
9 Machi 1975

Kwako Kaka Laurenti,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Rungwa, wewe na shemeji Theodora na watoto wote. Je, kikohozi cha yule mdogo kimekwisha? Sisi huku tupo. Mimi siumwi, na mama sasa anakula kidogo, si kama mwezi wa kwanza alipokuwa akigeuza uso akiona sahani. Mvua bado inanyesha. Uwele wa baba umesimama vizuri, ila mwenyewe hayupo wa kuutazama.

Umeniuliza kuhusu mwanao Antipasi. Unasema amechaguliwa kwenda sekondari, lakini yeye analia anataka shule ya ufundi ya mapadre uliyosoma wewe, akashike mwiko na timazi kama baba yake. Ukaniomba nikuamulie, kwa kuwa mimi ndiye mwenye shahada. Kaka, umenichoma bila kujua. Nimeishika kalamu mara nne nikaiweka. Leo nakujibu, lakini jibu ni refu, na naomba ulisome hadi mwisho kabla hujanilaani.

Unakumbuka tulivyotengana sisi wawili. Wewe hukuchaguliwa baada ya darasa la nane, ukaenda kujifunza uashi. Baba akawa anawaambia wageni kwamba ana mtoto mmoja anayesoma na mwingine anayechezea udongo. Mwiko, alikuwa akisema, hata mama yenu anao jikoni. Ulikuwa ukicheka naye, lakini mimi nilikuwa nakuona macho yako. Nilipomaliza chuo kikuu Dar es Salaam alichinja ng'ombe, akanikalisha kwenye kiti mbele ya wazee, na tangu siku ile hakuna jambo lililoamuliwa nyumbani bila kuulizwa Gaspari anasemaje. Ng'ombe akichechemea, Gaspari. Mtama ukinyauka, Gaspari. Jamani, mimi nimesoma uchumi! Najua nini kuhusu kwato za ng'ombe? Lakini sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba sijui. Nilitafuta neno la kusema, nao walilipokea wakaenda nalo.

Mwaka jana watu walipohamishiwa kijiji kipya, nilikuwa mmoja wa maofisa waliosimamia. Tembe letu la miti na udongo, lile alilolijenga baba kabla hatujazaliwa, liliezuliwa mwezi wa nane. Kiwanja alichopewa kiliangukia kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi. Baba alitaka kujenga tembe jingine. Nilimkatalia. Nilimwambia kijiji cha ujamaa kinataka nyumba bora ya matofali yenye madirisha, na kwamba nyumba ya baba yake ofisa lazima iwe ya kwanza ili wengine waige. Nikamchorea kwenye karatasi. Aliniuliza mambo mawili tu: kama ukuta ule hauhitaji mawe chini, na kama yale matofali mabichi hayatakiwi kukaa juani zaidi. Nikamjibu hakuna haja. Tarehe ya kumaliza ilikuwa imepangwa, na aliyeipanga ni mimi.

Tarehe kumi na nne Januari mvua ilinyesha kutwa. Kesho yake asubuhi mama alikuwa nje anawasha moto. Anasema ukuta wa magharibi ulikaa chini kama mtu aliyechoka, kisha paa likaufuata. Baba alikuwa ndani anavaa viatu. Walipokuja kuniita mjini nikafika, walikuwa wamemtoa na kiatu kimoja, wamemlaza kwenye ngozi, kifua kimebonyea na mguu umepinda vibaya. Aliponiona alifurahi, kaka. Aliniuliza mimi, mbele ya watu wote, kama atapona. Nikamwambia atapona. Akawageukia wenzake akawaambia, basi, mmesikia. Alikata roho kabla ya saa saba mchana.

Haya ya msiba nilikuandikia kwa kifupi. Najua barabara ya Itigi ilikuwa imekatika na hukuweza kuja kuzika. Ambalo sikukuandikia ni hili. Siku ya kuanua matanga mama alisimama akasema ana mtoto fundi mwashi anayewajengea watu baki huko Rungwa, lakini nyumba ya baba yake hakuiletea hata neno moja. Akasema ulikuwa na kinyongo kwa sababu ya ule utani wa mwiko, na kwamba jina lako lisitajwe tena mbele yake. Ndiyo maana huoni salamu zake siku hizi. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale aliposimama. Nilinyamaza.

Kaka, barua yako ya mwezi wa tisa ilifika. Uliniuliza katika barua ya rambirambi kama baba aliyafuata uliyoandika. Hakuyafuata kwa sababu hakuyasikia. Jirani yetu Andrea alipoileta, baba aliniita niisome, kama kawaida, na mwenyekiti wa kijiji alikuwepo. Nikasoma salamu. Halafu macho yangu yakatangulia mbele, nikaona ulipoandika kwamba mbuga haibebi ukuta usio na msingi wa mawe, wachimbe hadi wakute udongo mgumu, matofali yakae juani wiki tatu, na kama muda hautoshi baba ajengewe tembe mwaka huu. Chini yake uliandika: mwambie Gaspari nyumba haijengwi kwa shahada. Nisome maneno hayo mbele ya mwenyekiti? Nikaendelea na salamu. Nikatunga kwamba mvua za huko zimechelewa na asali mwaka huu ni nyingi. Baba alishangaa kurasa nne nzima zimejaa salamu tu. Nikamwambia kaka ana mwandiko mkubwa, wote wakacheka. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Nimemuua baba, kaka. Watu wanasema ni kazi ya Mungu, na mimi huwa naitikia.

Basi kuhusu Antipasi. Siwezi kukuambia kwamba shahada haina faida, maana ndiyo inayonilisha. Ila siku moja tu baba alipohitaji elimu, ilikuwa kwenye barua yako, na mwenye shahada aliificha. Mwache mtoto aende anakolilia. Wala asije akamwuliza mtu wa karatasi kama mimi jambo la ukuta.

Juzi, siku ya Ijumaa, nilikwenda kijijini nikamsomea mama barua yako yote, ile ya mwezi wa tisa, pamoja na lile neno la shahada. Alikuwa anapepeta, akaacha. Hakulia wala hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliniuliza kama kuna barua nyingine nilizomsomea nusu. Nikamwambia iko moja, ile ya rambirambi. Akaniuliza tena kama ni hiyo tu. Nikasema ni hiyo tu. Naamini hakuniamini. Kisha akasema sasa aelezwe salamu za kweli zilikuwa zipi, nikaanza kuzirudia, akanikataza, hataki tena kuzisikia kinywani mwangu. Alizichukua barua zote mbili mkononi mwangu akaziweka ndani ya kitenge chake.

Mama anakusalimu sana, wewe na Theodora na watoto, amewataja mmoja mmoja kwa jina. Anaomba umsamehe kwa aliyoyasema kwenye matanga. Ameanza kwenda kisomo cha watu wazima kwenye ghala la kijiji, na tayari anaandika jina la baba. Amenituma nikuambie kwamba barua zako zijazo usizipitishe kwangu, zipelekwe kwake. Andika maneno machache, kaka, na herufi zako ziwe kubwa, usizibananishe, maana atazisoma mwenyewe.

Nisalimie wote. Sikuombi unijibu.

Ni mimi mdogo wako,
Gaspari Mughwai